Namba Tisa Ugenini: Niliyojifunza kwa Kuhama Klabu

Nimecheza nafasi moja maisha yangu yote ya soka, namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, na nimeicheza katika miji isiyofanana kwa hali ya hewa, kwa fedha wala kwa namna watu wake wanavyoupenda mpira. Nilianzia Dar es Salaam, nikaenda Nairobi, kisha Muscat, na nikamalizia Mbeya. Vijana wanaonifuata kutaka habari za kucheza nje huuliza kwanza mshahara, halafu wakala, halafu viza, na hayo ni maswali ya haki, na la fedha nitaligusa. Lakini jambo kubwa nililolipata katika safari zote hizo ni kwamba mshambuliaji hahami na mabao yake. Mabao aliyofunga yanabaki kule alikotoka, pamoja na winga aliyempigia krosi na kiungo aliyejua kumtangulizia mpira. Anachoondoka nacho ni uwezo wa kuwasoma wenzake, na akifika klabu mpya kazi hiyo ya kusoma huanza upya, kwa watu wapya, mbele ya mashabiki ambao hawana subira naye.

Nililielewa hili kwa kulinganisha. Katika timu yangu ya kwanza ya ligi, winga wa kulia alikuwa kijana niliyecheza naye tangu mashindano ya ndondo kule Temeke, kwenye viwanja vya mchanga ambako mpira hudunda unavyotaka wenyewe. Sikuhitaji kumtazama. Nilijua kwamba akipokea mpira karibu na mstari ataugusa mara mbili, mara ya kwanza kumvuta beki na ya pili kumpita, na kwamba kati ya mguso wa kwanza na wa pili ndipo ninapopaswa kuanza kukimbilia nguzo ya kwanza, ile ya goli iliyo karibu na mpiga krosi. Nikitoka mapema, nimeotea au nimefika kabla ya mpira. Nikichelewa, beki wa kati ameshanitangulia. Waliokaa jukwaani walisema mpira unanifuata. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimfuata yule winga, na nilikuwa nimemfuata kwa miaka mingi kabla yeyote kati yetu hajalipwa hata shilingi.

Nairobi ilinionyesha thamani ya miaka ile. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyezoea pwani huanza kulisikia jambo hilo kifuani. Kwa wiki kadhaa za mwanzo, nikikimbia mara mbili mfululizo kwenda mbele, mara ya tatu nilikuwa natafuta pumzi. Hilo huzoeleka, kwa sababu mwili una akili yake. Ambalo sikuambiwa na mtu ni kwamba mpira nao hubadilika. Hewa ya mwinuko ule ni nyepesi, haiuzuii mpira kama hewa nzito ya pwani, kwa hiyo krosi ambayo Dar es Salaam ingeshuka kichwani kwangu, Nairobi ilinipita juu na kumwangukia beki wa upande wa pili. Nilikuwa nikiruka pale pale nilipozoea kuruka, kwa wakati ule ule niliouzoea, na mpira ulikuwa umeshapita.

Aliyenisaidia alikuwa nahodha wetu, beki wa kati mtu mzima ambaye maisha yake yote alikuwa akiwakaba watu kama mimi. Siku moja baada ya mazoezi aliniita pembeni akaniambia, "Ndugu yangu, wewe unauangalia mpira, na sisi mabeki tunafurahi mshambuliaji akiuangalia mpira. Angalia mguu anaosimamia." Tulibaki uwanjani na winga wetu wa kushoto hadi giza lilipoanza kuingia, naye akipiga krosi moja baada ya nyingine huku nahodha akinionyesha. Winga akiuweka mguu wa kusimamia karibu na mpira, kidole gumba kikielekea ndani ya boksi na kifua kikiwa juu ya mpira, krosi itakuwa kali na ya chini, inakwenda nguzo ya kwanza. Akiuweka mguu huo mbali kidogo na mwili ukalala nyuma, mpira utapaa kwenda nguzo ya pili, ile ya mbali. Muda kati ya mguu ule kukanyaga chini na mpira kupigwa ni mfupi mno, lakini unamtosha mshambuliaji kuhama hatua mbili, na hatua mbili ndani ya boksi ndizo zinazotofautisha mfungaji na mtazamaji. Tangu siku ile sikuwahi tena kusubiri mpira upigwe ndipo nianze kukimbia.

Kwa sababu hiyo nimekuwa nikifuatilia safari za washambuliaji wetu kwa jicho la aina hiyo, na wa kwanza ni Mbwana Samatta. Watu wanakumbuka vituo: kijana wa Mbagala aliyepitia African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, mwaka 2011, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Mimi hutazama zaidi yaliyomzunguka. Huko Lubumbashi alikaa takriban miaka mitano, muda unaotosha kuwajua wenzake kama ndugu, na katika timu hiyo alikuwapo Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu. Kisha akaenda Genk ya Ubelgiji, na mabao yake hayakumiminika siku ya kwanza. Msimu wake mkubwa ulikuwa wa 2018/19, wa tatu kamili tangu afike, alipofunga mabao 23 ya ligi na Genk kuwa bingwa. Kikosi kile kilikuwa na Ruslan Malinovskyi na Leandro Trossard, na kwa sehemu ya msimu Alejandro Pozuelo, watu ambao mpira wao wa mwisho mshambuliaji huuota usiku. Mkimbiaji hodari alikuwa amepata wapasiaji hodari, na alikuwa amepewa muda wa kuwajua.

Halafu ikaja Aston Villa, Januari 2020. Mapema Februari aliifunga Bournemouth kwa kichwa na kuwa Mtanzania wa kwanza kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza, na Machi mosi akaifunga Manchester City kwa kichwa katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, ingawa Villa ilipoteza 2-1. Bao la Bournemouth lilibaki kuwa lake pekee katika ligi ile. Wengi nyumbani walisema ameshindwa, na kauli hiyo imenikera kila nilipoisikia. Aliingia katikati ya msimu, katika timu iliyokuwa ikipigania kutoshuka daraja, inayolazimika kurudi nyuma muda mwingi. Kabla hajatimiza hata miezi miwili, ligi ikasimama kwa sababu ya korona. Na ilipofika Septemba alikuwa tayari amekwenda Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo. Muda wa kusomana haukuwapo. Mshambuliaji anayefunga kwa kichwa katika fainali ya Wembley hajasahau kufunga. Baadaye amecheza Antwerp, akarudi Genk, akaenda PAOK ya Ugiriki na kutwaa ubingwa msimu wa 2023/24, na mwaka 2025 akajiunga na Le Havre ya Ufaransa. Mtu asiyejua kujifunza wenzake hawezi kuajiriwa katika nchi zote hizo kwa miaka yote hiyo.

Michael Olunga wa Kenya ananipa ushahidi wa upande mwingine. Kutoka Gor Mahia alikwenda Djurgården ya Sweden, akapita China, akafika Girona ya Hispania, ambako Januari 2018 aliifunga Las Palmas mabao matatu katika mechi moja na bado hakupata nafasi ya kudumu. Mtu huyo huyo alipofika Kashiwa Reysol ya Japani alipata timu iliyokuwa tayari kumrushia mpira nyuma ya mabeki, mahali ambapo hatua zake ndefu zina faida. Novemba 2019, katika ligi ya daraja la pili, alifunga mabao manane katika mechi moja dhidi ya Kyoto Sanga iliyokwisha 13-1. Mwaka uliofuata, wakiwa wamepanda daraja, alifunga mabao 28 na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. Miguu ilikuwa ile ile ya Girona. Hapa kwetu pia tulimwona Meddie Kagere, aliyekuja Simba kutoka Gor Mahia mwaka 2018 akiwa ameshavuka miaka 30, akafunga mabao 23 msimu wa kwanza na 22 msimu wa pili, mbele ya kiungo kama Clatous Chama. Nilimtazama Kagere kwa makini sana katika misimu ile, na kilichonivutia ni jinsi alivyokuwa akitulia Chama anapoupokea mpira mgongo ukiwa langoni, kisha kuchomoka mara tu Chama anapogeuza bega. Alikuwa amemsoma.

Muscat ilinifundisha kusoma watu nje ya uwanja. Kiangazi joto la kule hupita nyuzi 40, kwa hiyo timu yetu ilifanya mazoezi usiku, baada ya swala ya isha, chini ya taa, kwenye nyasi nene. Nyasi za aina hiyo hupunguza mwendo wa pasi ya chini, na mshambuliaji aliyezoea viwanja vigumu vya kwetu hufika kabla ya mpira na kujikuta amesimama mgongo ukigusana na beki. Nilihitaji kuchelewesha mbio zangu kwa nusu hatua. Kiungo mchezeshaji wetu, kijana wa Kiomani mwenye mguu laini wa kushoto, hakuwa msemaji, na Kiarabu changu kilikuwa cha madrasa. Tulielewana mezani kabla ya kuelewana uwanjani. Mama yake alikuwa amezaliwa Unguja, na nyumbani kwao bibi na wajomba walizungumza Kiswahili, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Muscat zenye asili ya Zanzibar. Ijumaa nilialikwa chakula cha mchana, tukala wali kwa mkono katika sinia moja, na yule kijana aliyekuwa kimya uwanjani alikuwa akicheka na kunitania kwa lugha ya bibi yake.

Siku moja baada ya chakula aliweka vikombe vitatu vya kahawa juu ya mkeka kuonyesha mabeki wawili na mimi, akasogeza kikombe changu mara kadhaa, akaniuliza, "Kaka, wewe unapenda mpira uje mguuni au uende nafasi wazi?" Hakuna kocha aliyewahi kuniuliza swali hilo kwa uwazi namna ile. Nilimjibu kwamba napenda uende nafasi wazi, lakini upande wa kulia wa beki tu, kwa sababu goti langu la kushoto halikunipa kasi ya kugeuka. Akaitikia kwa kichwa, akakumbuka. Kuanzia wiki iliyofuata nilianza kufunga. Tangu hapo ninamwambia kila mshambuliaji anayehamia nchi mpya kwamba asikae chumbani na simu yake. Akubali mwaliko, ale kinacholiwa, ajue mtoa pasi wake ana watoto wangapi na anaamka saa ngapi, kwa sababu mtu hampi mgeni mpira ule wa hatari, wa dakika za mwisho, mpaka awe ameacha kumwona kuwa mgeni.

Nizungumzie na fedha, maana nilisema nitazigusa. Mchezaji wa kigeni huchukua nafasi ambayo idadi yake ina kikomo, na kwa mshambuliaji hilo ni zito kuliko kwa mwingine: beki mgeni akicheza kawaida, watu hunyamaza, namba tisa mgeni akikaa mechi chache bila bao, viongozi huanza kuulizana walimsajili wa nini, na mshahara ndio wa kwanza kuchelewa. Katika klabu mojawapo niliyopitia, mishahara yetu wageni ilicheleweshwa kwa miezi huku wenyeji wakilipwa, na tuliambiwa kila wiki kwamba mfadhili yuko safarini. Nilikuwa nimebahatika kumjua mwanasheria kabla sijasaini, na alinielekeza kuandika barua, si kulalamika kwa mdomo. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji, katika kifungu cha 14bis kilichoanza kutumika Juni 2018, zinampa mchezaji haki ya kuvunja mkataba kwa sababu halali iwapo hajalipwa kinyume cha sheria mishahara ya angalau miezi miwili, mradi ameiandikia klabu kudai deni lake na kuipa siku 15 kamili za kulipa. Malalamiko yanayopelekwa FIFA baada ya miaka miwili tangu tukio litokee hayasikilizwi. Haya ni mambo machache mno, yanaenea katika nusu ukurasa, lakini nimekutana na washambuliaji wenye majina makubwa waliorudi nyumbani mikono mitupu kwa kutoyajua. Waliondoka kambini kwa hasira bila barua, na kwa kuondoka hivyo wakawa wao ndio waliovunja mkataba.

Ukame wa mabao nao humfika kila mmoja wetu, na ugenini una ukali wake kwa sababu hakuna mama wa kukupikia wala rafiki wa utotoni wa kukukumbusha ulivyo. Nilichokiona, kwangu na kwa wengine, ni kwamba mshambuliaji akikauka huanza kuutafuta mpira mbali na lango. Hushuka katikati, huenda pembeni, hugusa mpira mara nyingi ili ajisikie yumo mchezoni, na kila anaposhuka ndivyo wapasiaji wake wanavyopoteza mtu wa kumpasia. Kocha mmoja wa Nairobi alikuwa na amri ambayo niliichukia kwanza, kisha nikaibeba kokote nilikokwenda: mshambuliaji asiyefunga haruhusiwi kutoka katika upana wa boksi. Ni amri ngumu kwa mtu mwenye wasiwasi, kwani inamlazimu kusimama pale pale anapoogopa kukosa. Lakini inawarudishia wenzake alama yao, na bao la kwanza baada ya ukame mara nyingi huwa baya, la goti au la bega, na hupatikana pale tu.

Nilimalizia Mbeya, kwenye mwinuko unaokaribia ule wa Nairobi, nikiwa na mwili ambao haukuweza tena kushindana mbio na mabeki vijana. Safari za basi za ligi yetu, kutoka Mbeya hadi Mwanza au Bukoba, humaliza misuli ya nyuma ya paja kuliko mechi yenyewe, na wachezaji wa umri wangu tulijifunza kusimama kila basi liliposimama, kutembea, na kulala tumeinua miguu. Nilifunga kidogo kuliko nilivyofunga ujanani. Hata hivyo nina hakika nilikuwa mshambuliaji bora zaidi wakati ule kuliko wakati wowote, kwa kuwa nilihitaji wiki chache tu kumjua winga mpya, kazi ambayo Nairobi ilinichukua nusu msimu.

Sasa nafundisha washambuliaji vijana hapa hapa Mbeya, na zoezi letu la kwanza la kila wiki halina shuti hata moja. Winga anapiga krosi, mshambuliaji anasimama ukingoni mwa boksi na kutamka kwa sauti "kwanza" au "pili" kabla mpira haujapigwa, kulingana na mguu wa kusimamia. Asiyetamka kwa wakati anarudia. Kila wiki mbili nabadilisha mawinga, naleta kutoka timu jirani, ili kijana asizoee mtu mmoja. Mwanzoni wazazi huja kulalamika kwamba watoto wao hawafundishwi kufunga. Baada ya mwezi hawaji tena.

Pamoja na hilo natunza daftari la usajili kwa bidii ambayo wenzangu huiona imezidi. Tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kujiunga, fomu za chama cha soka, kila kitu kinaingia humo. Mchezaji anapohamishwa kwa ada kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa klabu zilizomlea kati ya msimu wa kutimiza miaka 12 na ule wa miaka 23. Kwa kila msimu kuanzia ule wa miaka 16, ni nusu asilimia ya ada nzima. Kwa klabu ya Ulaya hiyo ni fedha ndogo. Kwa kituo cha Mbeya kinachonunua mipira kwa kuchangishana, mauzo ya kijana mmoja yanaweza kulipia uwanja, na fedha hiyo hupotea pale ambapo hakuna karatasi inayothibitisha kwamba kijana alipita hapo.

Mmoja wa vijana wangu anajiandaa kwenda Zambia kwa majaribio. Nimemtafutia video za mechi za klabu anayokwenda, na kazi niliyompa si kuwatazama washambuliaji wao. Ameagizwa kuwatazama mawinga wawili na kiungo mchezeshaji, aandike kila mmoja anatumia mguu gani, anagusa mara ngapi kabla ya kupasia, na ananyanyua kichwa lini. Ameshajaza kurasa za winga wa kulia. Kuhusu wa kushoto, kijana wangu bado anabishana na mwenzake wa mazoezini iwapo winga huyo huwa anatazama kabla ya kupiga krosi au anapiga kwa mazoea, na nimewaambia warudie kuangalia mechi tatu zaidi ndipo waje kunieleza.